Ukitaka Kujifunza Ufundi wa Magari Kikambala, Anza na Kutu

Inua zulia la matatu yoyote iliyofanya kazi miaka mitano kati ya Mtwapa na Malindi, kisha bonyeza sakafu kwa kidole gumba. Mahali pengine bati litakuwa gumu, mahali pengine litavunjikavunjika kama ganda la mkate mkavu, na mahali pengine kidole kitapenya hadi uione lami. Hiyo ni kazi ya bahari. Pepo za kusi na kaskazi hubeba unyevu wenye chumvi, unyevu huo unajipenyeza kwenye maungio ya mabati, ndani ya vizingiti vya milango na nyuma ya matao ya magurudumu, na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matamu, chuma kinalika haraka. Gari la Nairobi lenye umri huohuo huwa bado lina sakafu.

Naanza na kutu kwa sababu ndiyo inayoamua ujifunze wapi. Vijana wengi wa Kikambala, Kanamai na Shariani wakitaka ufundi huuliza gereji kubwa iko wapi, kisha wanapanda matatu kwenda Mombasa kubisha hodi mahali ambapo kila mtu ana kazi moja: huyu injini, yule umeme, yule rangi. Ukiingia hapo utafundishwa kipande. Huku barabarani kwetu kazi hazitengani hivyo. Gari linaletwa kwa breki. Ukitia spana, bolti iliyoliwa inakatika ndani ya tundu. Fundi wa breki anamwita mchomeleaji aunganishe nati juu ya kisiki cha bolti ili kipate kuzungushwa kitoke. Mchomeleaji akishalala chini ya gari anaona kishikilio cha bomba la breki kimeoza, na kabla ya jua kutua kimeundwa kipya kwa kipande cha bati. Makanika na mchomeleaji wamekutana mara mbili kwa gari moja. Basi ukitaka kujua kutengeneza na kuunda, tafuta kiwanja ambacho watu hao wawili wako pamoja. Ukubwa wa kibao usikushughulishe.

Wala usidhani gari lililoshuka melini jana liko salama. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, lakini baadhi ya yale yanayotoka Japani yametumika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Hufika bandari ya Mombasa yaking'aa juu, kutu imeshaanza tumboni.

Sasa isome barabara yenyewe. Mwanagenzi hufundishwa na magari yanayoingia kiwanjani kuliko anavyofundishwa na maneno ya fundi, kwa hiyo jua ni magari gani yanaingia wapi. Karibu na stendi utakuta mafundi wa tuktuk na bodaboda. Watu huwadharau, na hilo ni kosa. Injini ni ndogo, kazi ni nyingi, dereva wa tuktuk hawezi kungoja siku mbili kwa sababu hesabu ya tajiri inamsubiri jioni. Ukikaa hapo miezi sita utakuwa umefungua klachi mara nyingi kuliko mwanafunzi wa chuo anavyofungua kwa miaka miwili, na mkono wako utakuwa umezoea kuhisi uzi wa bolti kabla haujaharibika. Kama hujawahi kushika spana maishani, mimi ningekupeleka huko kwanza.

Ukielekea Vipingo kuna malori: ya mawe ya machimbo, ya simiti, ya shughuli za mkonge. Lori linafundisha uzito. Linafundisha springi za majani, chasisi iliyopasuka, breki za upepo, na kwa nini kiraka kilichochomelewa vibaya kwenye chasisi kinaweza kumuua mtu aliye kwenye gari la mbele. Anayetaka kuwa muundaji wa kweli anahitaji angalau msimu mmoja wa malori, maana bati la bodi litakusamehe makosa ambayo chasisi haitakusamehe.

Matatu zina somo la namna yake, nalo ni sheria. Wenye umri wangu wanakumbuka Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kufuatwa: abiria kumi na wanne tu katika matatu ndogo, mikanda kwa kila kiti, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Magari yalipanga foleni kwa wachomeleaji yafungiwe viti na mikanda. Waliojua kupima na kufunga kiti kisichong'oka walipata kazi ya miezi. Siku hizi bodi za magari ya abiria zinatakiwa zifuate kiwango cha shirika la viwango, KEBS, kinachoitwa KS 372, na gari likibadilishwa bodi lazima NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijue na ilikague. Fundi anayekuambia "hayo ni mambo ya makaratasi" atakufundisha kuunda kitu ambacho mwenyewe atanyang'anywa barabarani.

Halafu kuna daraja la juu la uundaji, ambalo liko kaskazini zaidi, Watamu na Malindi: magari ya kupeleka wageni Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Land Cruiser ya mizigo inarefushwa, inajengewa viti vya safari, inawekewa paa linaloinuka ili wageni wasimame watazame ndovu. Paa hilo lisivuje, lisipige kelele kwenye barabara ya vumbi, lifungwe na mtu mmoja. Usianzie huko. Lakini kama ndoto yako ni kuunda, nenda siku moja ukalitazame paa hilo kwa ndani, uone bawaba zimekaaje, ili ujue unakokwenda.

Ukishajua aina ya magari, chagua mtu. Hapa ndipo ningependa usiwe na haraka hata kidogo. Mimi nilipoteza miezi minane kwa fundi mmoja hodari sana. Mikono yake ilikuwa na akili, wateja walitoka mbali, nami nilijiona mwenye bahati. Kila nilipouliza kitu aliniambia, "Utajua tu." Nilifagia, nilileta chai, nilifungua magurudumu na kuyafunga. Mwezi wa nane nilijua magurudumu. Uhodari wa fundi haukuwa na shaka, ila hakuwa mwalimu, na mimi sikuwa nimepeleleza hilo kabla ya kuingia.

Namna ya kupeleleza ni kukaa karibu wiki nzima. Tafuta sababu ya kuwa hapo: kibanda cha chai, kivuli cha mwembe, kumsindikiza dereva unayemfahamu. Tazama spana zinalala wapi magharibi ikifika. Zikipangwa na kuhesabiwa, hapo pana utaratibu. Tazama gari likiinuliwa kwa jeki, kama linawekewa stendi au vigogo kabla mtu hajaingia chini. Hesabu magari yaliyoota nyasi: mawili matatu ni kawaida, kumi ni dalili kwamba fundi anapokea asichoweza kumaliza au anakula pesa za spea. Kubwa kuliko yote, watazame wanagenzi waliopo. Kuna aliye na miaka miwili na sasa anaachiwa injini peke yake? Au wote ni wapya wa mwezi huu? Kiwanja ambacho wanafunzi hawakai kina sababu, na sababu hiyo itakupata na wewe.

Kisha nenda kwa muuza spea. Watu wachache huwazia hili, lakini muuza spea wa Mtwapa anajua mafundi kuliko wanavyojuana wenyewe. Anajua nani hununua padi za breki zinazofaa na nani huomba za bei ya chini kabisa huku akimwandikia mteja za bei ya juu. Anajua nani hulipa deni Jumamosi. Anajua nani hurudisha spea tatu kwa kila moja anayotumia, kwa sababu anabahatisha. Nunua kitu kidogo, fyuzi au balbu, mpe salamu yake, umwulize kwa adabu: "Mzee, kama angekuwa mwanao, ungempeleka kwa nani ajifunze?" Swali la namna hiyo mtu mzima hajibu ovyo.

Jambo jingine la kuuliza ni ardhi. Barabara ya Mombasa kupitia Mtwapa na Kwa Kadzengo hadi Kilifi inapanuliwa kuwa ya njia mbili kila upande, na gereji iliyo ndani ya hifadhi ya barabara inaweza kuambiwa ihame wakati wowote. Si vibaya kujifunza hapo, lakini jua mapema fundi ana mpango wa kwenda wapi.

Siku ya kuomba ina saa yake. Alfajiri matatu zinataka kutoka, kila mtu ana kichwa moto. Ijumaa mchana mafundi wengi wa Kiislamu wanaelekea msikitini. Mimi huwaambia vijana waende saa kumi alasiri, siku ya katikati ya wiki, wakati kazi imeanza kupoa na fundi anaosha mikono kwa dizeli. Vaa nguo unayoweza kulalia mchangani, na viatu vya kufunika vidole. Ukija na ndara utaonekana hujafikiri. Simu iwe mfukoni. Nenda peke yako mara ya kwanza. Mzazi au mjomba atakuja mara ya pili, wakati wa kupatana, naye hapo ana uzito wake.

Ukifika, ngoja amalize anachokishika. Usimsemeshe mtu aliye chini ya gari. Akitoka, mwamkie shikamoo hata kama amekuzidi miaka sita tu, maana unamwendea kama mwalimu. Kisha useme jambo uliloliona kwa macho yako: "Fundi, mimi ni wa hapa Kanamai. Juzi nilikuona ukikata sakafu ya ile Probox, ukachora bati kwenye katoni kwanza. Ningependa kujifunza kazi hiyo. Nikubalie wiki mbili, nifagie, nioshe vyuma, unitazame. Ukiona sifai uniambie, sitakulaumu." Inatosha. Usiseme uko tayari kufanya kazi yoyote. Kila mtu husema hivyo, na fundi ameshawaona wakikimbia siku ya kwanza ya kuosha giaboksi. Ukitaja ulichokiona, atajua angalau kwamba una macho.

Akikataa, mshukuru, umwulize yupi mwingine angekushauri umwendee. Fundi aliyekukataa kwa kukosa nafasi mara nyingi hukutajia rafiki yake, na kwenda kwa mtu kwa jina la mwenzake ni nusu ya kukubaliwa.

Akikubali na wiki mbili zikapita salama, sasa njoo na mzazi mkae mpatane. Hapa ndipo familia nyingi za Pwani huona haya. Wanaona kudai maandishi ni kumkosea fundi heshima. Lakini wazee wetu walikuwa na utaratibu: palikuwa na ada ya kuanzia, na palikuwa na kilemba, zawadi aliyopewa mwalimu au fundi mwanafunzi wake alipohitimu. Maana yake mwanzo ulijulikana na mwisho ulijulikana. Uanagenzi usio na mwisho unaojulikana ni utumishi. Basi andikeni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kila upande abaki na nakala, shahidi awe mtu wa nyumba kumi au jirani anayeheshimika. Andikeni ni muda gani. Kwa kazi zote mbili, umakanika na bodi, chini ya miaka miwili ni kujidanganya. Andikeni kama kuna ada au hakuna, na kama fundi atatoa nauli na chakula cha mchana, na kuanzia mwezi gani utapata chochote kutokana na kazi uliyoifanya kwa mkono wako. Andikeni nani atalipa ukivunja kioo cha mteja. Andikeni nani atakupeleka hospitali ukiumia, na hakikisha umeshajiandikisha bima ya afya ya SHA kabla ya siku ya kwanza.

Kifungu ambacho ningekipigania kuliko vyote ni hiki: kila baada ya miezi mitatu, fundi ataje kitu kimoja unachopaswa kuweza kukifanya bila kusimamiwa. Miezi mitatu, sehemu zote za breki. Sita, klachi na sehemu za chini. Tisa, kukata na kubadilisha kipande cha sakafu. Ratiba haina haja ya kuwa hiyo. Kuwepo kwake tu kunamkumbusha fundi kwamba wewe ni mwanafunzi. Kama ningekuwa nayo, ile miezi minane ingekuwa mitatu.

Kwenye kampuni njia ni nyingine: hoteli kubwa zenye karakana, mashamba na viwanda vya upande wa Vipingo, wauzaji wa magari Mombasa, au kiwanda cha kuunganisha magari cha Associated Vehicle Assemblers. Huko utahitaji barua, kitambulisho, vyeti, na cheti cha tabia njema cha polisi unachoombea eCitizen. Jambo la kulijua ni kwamba waajiri hulipa NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na wanaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo waliyotoa. Litaje kwenye barua yako kwa sentensi moja. Ofisa anayesoma maombi mia ataona huyu amejua anachokiomba. Mkataba rasmi wa uanagenzi huandikwa na kusajiliwa NITA, na sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, ile WIBA, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi.

Turudi kiwanjani. Umeingia, ufanye nini ili usibaki mfagiaji? Jifunze namba. Magari ya Japani yanaishi kwa spana za 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za magurudumu ya Toyota ni 21. Fanya mchezo wako wa kila siku: tazama kichwa cha bolti, taja namba moyoni, kisha chukua spana. Siku fundi atakaponyoosha mkono nawe ukampa 14 kabla hajatamka, mahali pako pale patabadilika. Jua mpangilio wa kuwaka wa injini nyingi za silinda nne, 1-3-4-2, na ujue kwa nini. Nunua mita ya umeme mapema, hata ya bei ndogo, kwa sababu nusu ya "magari mabovu" ni betri na nyaya: betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka, alteneta ikifanya kazi, utaona kati ya 13.8 na 14.5. Mtu mwenye namba hizi kichwani habadilishi staata isiyo na hatia.

Nunua pia daftari. Kila gari: tarehe, mwenyewe alilalamika nini, fundi alidhania nini, kilichokutwa ni nini. Safu ya tatu na ya nne zikitofautiana, umepata somo. Nimeyahifadhi madaftari yangu yote, yana madoa ya oili, na bado nayafungua.

Upande wa vyuma, utaanza na grainda na tupa. Usikasirike. Asiyejua kusafisha hajui kuchomelea. Bati la bodi ya gari ni jembamba, chini ya milimita moja, na rodi za kawaida hulitoboa badala ya kuliunga. Ndiyo maana katika kupeleleza kwako utazame kama kiwanja kina mashine ya waya na gesi. Rodi zina mahali pake, kwenye vishikilio, fremu na chuma kinene: kwa rodi ya milimita 2.5 anzia ampia 70 hadi 90, usikilize sauti. Ikichemka sawasawa kama mafuta yanayokaanga mhogo, uko karibu.

Na kutu? Kutu haifunikwi. Kutakuwa na siku mteja atataka bei ndogo, na mtu ataleta puti, atajaza shimo, atapaka rangi, na gari litatoka likipendeza. Mvua za masika zikija puti itadondoka. Kata hadi chuma kisafi, hata kama shimo la ukubwa wa sarafu litakuwa la ukubwa wa sahani. Chora kiraka kwenye katoni, kikate, kikunje, kichomelee, paka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili, ziba maungio, kisha nyunyiza oili nzito au nta ndani ya uwazi usioonekana. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, na ndiyo inayotenganisha kazi ya mwaka mmoja na ya miaka sita. Fundi akikuamuru ufunike kutu, ni gari lake na jina lake, utatii. Lakini andika kwenye daftari, na ujue ukiwa na chako utafanyaje.

Nitasema kidogo kuhusu kubaki hai. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata fundi mkuu akiingia. Usichomelee tangi la mafuta. Lililokaa tupu mwaka mzima bado lina mvuke wa kulipuka. Toa waya wa betri kabla ya kuchomelea kwenye gari la kisasa, na kishikio cha waya wa ardhi wa mashine ukibane karibu na unapochoma, la sivyo umeme utapita kwenye kompyuta ya gari ukitafuta njia. Ukitazama mwali bila kioo cheusi, usiku macho yatakuwa kama yametiwa mchanga. Na moshi wa mabati ya zinki: kwaruza zinki kwanza, simama upande upepo unakotoka. Wachomeleaji huambiana kwamba ukinywa maziwa moshi hauna neno. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni, na homa ile ya jioni yenye baridi ya mifupa ni mwili unaokulalamikia. Kwa magari ya haibridi, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse mpaka ufundishwe na anayejua. Volti zake si za betri ya kawaida.

Haya ndiyo yanayofanya aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi hizi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mtoto kufanya kazi ya hatari. Kwa kijana huyo vipo vyuo vya ufundi vya kaunti, vile vilivyotokana na polytekniki za vijiji, na likizo anaweza kuja kiwanjani kutazama na kupanga spana.

Kuhusu wasichana, nimewaona wanaofanya vizuri sana kwenye nyaya na kwenye rangi, kazi zinazotaka utulivu wa mkono. Wazazi huogopa, na woga wao si wa bure. Mpelelezi awe mama au shangazi. Aulize pa kubadilishia nguo, choo kiko wapi, kazi humalizika saa ngapi. Fundi anayejibu maswali hayo bila kukunja uso ndiye wa kumkabidhi binti.

Karatasi usizisahau katikati ya oili. Huhitaji kuacha gereji ili upate cheti. NITA hutahini mafundi kwa madaraja, la tatu kwanza, kisha la pili na la kwanza, na kila kazi ina mtihani wake: umakanika, umeme wa magari, bodi, rangi, kuchomelea. Baada ya mwaka hivi fanya mmoja, ule ambao daftari lako limejaa zaidi. Kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi mtu alioupata kazini bila kupitia darasani, na mradi wa serikali wa NYOTA umeuweka ndani ya shughuli zake kwa vijana. Ulizia ofisi ya vijana ya kaunti ndogo. Anayetaka kwenda mbele zaidi ana Kenya Coast National Polytechnic, Mombasa. Pata na leseni ya udereva. Kusogeza gari la mteja bila leseni ni kumtia fundi wako hatarini.

Spana zako nunua moja moja kila upatapo, uziwekee alama ya rangi. Mwaka wa pili ukikaribia kwisha wateja wataanza kukuita pembeni wakitaka uwafanyie kazi nyumbani Jumapili kwa bei nafuu. Kataa wale waliokujia kupitia kwa fundi wako. Wengine ni halali yako.

Siku ya kuondoka umwambie mwezi mmoja kabla, ili apate wa kushika nafasi yako, na umsaidie kumfundisha huyo mpya namba za spana. Nenda na mzazi aliyekupeleka, mchukue kilemba kwa kadiri ya uwezo: kanzu, leso kwa mke wake, au seti ya soketi alizokuwa akizitamani dukani. Spana alizokuwa amekuazima zipanguse oili, uzipange kwa namba kutoka 8 hadi 21, umkabidhi mkononi.